UZI: Stabilaiza ya pini siyo ujanja, ni deni analolipa abiria

1/
Wiki hii nimetumiwa video moja zaidi ya mara kumi. Fundi amelala chini ya Land Cruiser mkonga, anakata linki za stabilaiza za mbele, anachomelea vipande vya bomba, anatoboa tundu, anapachika pini. Anasema: "Ukifika porini unachomoa, ukitoka unarudisha, hela ndogo tu." Chini makofi matupu. "Fundi wa ukweli." "Wabongo tuna akili."

Na inbox yangu imejaa: "Sista, hii unaionaje?"

Mnaonifuata siku nyingi mnanijua. Tulianza na helmeti za bodaboda, tukaenda kwenye watoto wanaopakatwa siti ya mbele, tukagombana sana kwenye ule uzi wa madereva wanaosinzia. Leo ni chuma hiki. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka asipoteze bando: pini ya kutengeneza mtaani kwenye gari inayopita barabara kuu haifai, na anayeiuza kama ujanja anauza hatari ya watu ambao hawakuulizwa.

2/
Kwanza tuelewane ni chuma gani tunachozungumzia, maana wengi wanaoshangilia hawakijui.

Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa kama herufi U. Katikati imeshikwa na bushi, ncha zake mbili zimeunganishwa na linki. Tairi zote mbili zikipanda tuta pamoja, fimbo inazunguka tu kwenye bushi, haina kazi. Tairi moja ikipanda na jingine likishuka, fimbo inapindwa, na kwa kuwa ni springi inakataa. Kule kukataa ndiko kunakozuia gari isilale unapokata kona.

Kwa hiyo chuma hiki kina kazi moja: kusawazisha kushoto na kulia. Ukiwa umenyooka barabarani hutakihisi, ndiyo maana mtu anakitoa, anaendesha siku 3, anarudi kusema "mbona hakuna tofauti". Tofauti haionekani siku umenyooka.

3/
Sasa nitende haki. Wapenda makorongo hawajatunga uongo. Kwenye mawe na mashimo makubwa stabilaiza inabana kweli. Tairi moja likipanda jiwe, la upande wa pili linatakiwa lishuke lifuate ardhi. Stabilaiza inalizuia, linabaki hewani, linazunguka bure, gari inakwama au inakaa vibaya. Ukiachia linki, ekseli inajinyonga vizuri, tairi 4 zote zinagusa chini. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, hapo ni sahihi na hata ni salama zaidi.

Sipingi wazo la kuachia stabilaiza. Napinga pini ya fundi wa kona, na napinga hasa gari hiyo hiyo kwenda kilomita 100 kwa saa kesho asubuhi ikiwa na familia ndani.

4/
Mtu atasema: "Lakini hata kiwandani wanatengeneza za kuachia." Ni kweli, na hebu tuangalie wanavyotengeneza.

Jeep Wrangler Rubicon tangu ile ya 2007 ina stabilaiza ya mbele inayoachia kwa swichi. Inakubali tu ukiwa kwenye fowili. Ukizidi maili 18 kwa saa, yaani kama kilomita 29, mfumo unairudisha wenyewe, na kuna taa kwenye dashibodi inayokuambia iko katika hali gani. Nissan Patrol Y61 za baadhi ya nchi zilikuja na swichi ya kuachia stabilaiza ya nyuma. Toyota wana mfumo wa KDSS kwenye baadhi ya Prado 150 na Land Cruiser 200: mitungi ya mafuta inayozilegeza stabilaiza zenyewe tairi zinapohangaika kwenye mashimo, na kuzikaza zenyewe gari ikikata kona.

Mmeona? Wahandisi wote hao walijiuliza swali moja: dereva akisahau, itakuwaje? Jeep inajirudisha. Toyota haimuulizi kabisa. Pini ya mtaani haina jibu la swali hilo. Haina taa, haina mlio, haijui spidi. Yaani wamenakili nusu ya kuachia, ile nusu ya kurudisha wakamwachia Mungu.

5/
Hospitali tunalijua hili vizuri kuliko gereji. Kitu chochote kinachotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka, siku moja kitasahaulika. Haijalishi ni mtu makini kiasi gani. Ndiyo maana chumba cha upasuaji tunahesabu gozi kwa sauti kabla ya kufunga tumbo, na ndiyo maana tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya kukagua usalama wa upasuaji. Madaktari bingwa hawakuachiwa wategemee kichwa. We dereva wa saa 12 jioni, matope hadi magotini, simu haina chaji, watoto wanalia njaa, ndo utegemee kichwa?

Na kurudisha pini siyo rahisi kama kwenye video. Kwenye video gari imesimama kwenye sakafu ya saruji. Porini gari imesimama upande upande, tundu la linki na la stabilaiza havikutani. Inabidi utafute tambarare, usukume, ulale chini kwenye tope. Utafanya nini? Utasema "nitarudisha nikifika lami". Ukifika lami utasema "nyumbani siyo mbali". Hivyo tu.

6/
Sasa lami. Gari imenyanyuliwa springi, ina tairi kubwa, juu ya keria kuna tairi la akiba, madumu ya mafuta na hema. Uzito uko juu. Stabilaiza ya mbele haipo. Unakwenda kilomita 90, mbuzi anakatiza.

Unakata kulia ghafla. Gari inalala kushoto, tena sana, maana kilichokuwa kinaizuia umekichomoa. Unarudisha usukani kushoto ili usitoke barabarani. Gari inatoka kwenye ule mlalo wa kwanza kama springi iliyoachiwa na kwenda kulala upande wa pili kwa nguvu zaidi. Mara nyingi ni huku kurudi ndiko kunakopindua. Mbuzi kapita zake.

Kuna na jingine watu hawalisemi. Ukitoa stabilaiza ya mbele tu, kazi ya kuzuia mlalo inahamia nyuma. Tairi la nyuma la upande wa nje linaelemewa kuliko zamani, na mkia wa gari unakuwa mwepesi kuchomoka. Gari uliyoizoea miaka 5 inakuwa gari nyingine, na unakuja kuijua tabia yake mpya ndani ya sekunde moja.

Msisahau pia, nguvu ya mgongano haipandi sambamba na spidi. Kutoka 40 kwenda 80 ni mara 4, siyo mara 2.

7/
Twende kwenye chuma chenyewe. Nimekaa na mafundi wawili watu wazima, wa zile gereji ambazo bado wanaosha vipuri kabla ya kuvifunga, nikawaomba wanieleze kama mwanafunzi. Haya ndiyo waliyonionyesha kwa mikono.

Tundu na pini. Pini ikilegea kidogo tu, kila shimo barabarani ni nyundo. Tundu la duara linageuka yai. Klipu inachoka, siku moja inadondoka, pini inafuata.

Boliti. Boliti ngumu ina namba kichwani, 8.8 au 10.9. Pini za video ile zilikatwa kwenye nondo. Nondo ni ya kushikilia zege, haikutengenezwa kupigwa kushoto kulia maelfu ya mara.

Kuchomelea. Kuchomelea linki ni tatizo, kuchomelea stabilaiza yenyewe ni balaa. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu. Ukikipiga moto wa kuchomelea, ule ugumu wake pale unaharibika, na ufa unaanzia pembeni ya weldi. Juu kumepakwa rangi nyeusi, pazuri kabisa. Ndani panakatika taratibu.

Urefu. Linki ikiwa fupi au ndefu kuliko inavyotakiwa, stabilaiza inakaa kwa pembe mbaya. Kwenye gari iliyonyanyuliwa, fundi anakisia kwa macho.

Kuning'inia. Ukishachomoa, ile fimbo inabaki inacheza. Kwenye video amefunga kwa mpira wa baiskeli. Mpira ukikatika, chuma kinashukia tairi, au kinasugua mpira wa breki wa tairi la mbele. Hapo hatuzungumzii tena gari kulala. Tunazungumzia gari isiyo na breki.

8/
"Basi nitachomoa upande mmoja tu, upande wa pili ubaki unasaidia." Hii nimeisoma kwenye maoni mara 3. Jamani, hapana. Stabilaiza inafanya kazi kwa kupindwa kati ya ncha mbili. Ncha moja ikiwa huru hakuna cha kupinda. Pini ya upande mmoja ikidondoka bila wewe kujua, huna stabilaiza, una chuma kinachoning'inia tu.

"Mbona kuna magari hayana stabilaiza tangu kiwandani?" Yapo. Aliyeyatengeneza alijua hayana, akachagua springi, upana na uzito kwa kulijua hilo. Kuzaliwa bila kitu na kunyofolewa kitu ni mambo mawili. Mtu aliyezaliwa na figo moja anaishi, haina maana nikutoe ya kwako mezani jikoni.

"Wazungu wanafanya." Wanafanya, na nenda katazame wanavyofanya. Kule Moab, Utah, mtu anafika mwanzo wa njia ya mawe, anaachia, anatambaa kwenye mawe siku nzima kwa mwendo wa kobe, akimaliza anarudisha kabla ya lami. Wengine gari yao ya mawe inafika pale ikiwa juu ya trela. Gari yako wewe Jumamosi iko porini, Jumapili kanisani, Jumatatu inapeleka watoto shule, Ijumaa imeazimwa na shemeji kwenda msibani. Shemeji anajua habari ya pini?

"Mimi naendesha taratibu." Hongera. Mbuzi hajaambiwa. Na dereva wa basi anayekuja kwako hajaambiwa pia.

9/
Sasa nifike panaponiuma, maana kama ingekuwa ni wapenda makorongo peke yao, watu wazima, gari zao, shingo zao, pengine ningekaa kimya.

Siyo wao peke yao. Kwenye barabara zetu mbovu linki na bushi za stabilaiza zinakwisha haraka. Zinaanza kugonga, ko ko ko. Mwenye gari anakwenda gereji: "Fundi, toa hiyo kelele." Fundi ana njia mbili: kuweka linki mpya, au kutoa zote na kukuambia "hii siyo muhimu, ni ya starehe tu." Kelele inaisha. Mteja anafurahi. Na tangu video hizi zianze, fundi ana jina zuri la kulipa jambo hilo: "Tumeifanya ya off-road."

Na magari yanayopita barabara mbovu kuliko yote ni yapi? Ya wagonjwa.

10/
Sisi wauguzi ndio tunaosindikiza rufaa. Wenzangu mnajua. Land Cruiser ya milango ya nyuma, mgonjwa kwenye machela, mtungi wa oksijeni umefungwa kwa kamba, ndugu amekaa kwenye benchi la pembeni ambalo halina mkanda, na wewe muuguzi mara umekaa mara umesimama, mkono mmoja dripu, mkono mwingine umeshika chuma cha dirisha. Mama anatoka damu baada ya kujifungua, dereva anatakiwa awahi. Hakuna mtu pale ndani anayekwenda taratibu.

Niliwahi kumuuliza dereva mmoja mbona gari inalala hivi kwenye kona kama mashua. Akanijibu bila wasiwasi: "Stabilaiza zilitolewa, zilikuwa zinagonga. Tumeomba linki, tunasubiri bajeti." Kituo sikitaji na dereva simlaumu, yeye ndiye aliyekuwa akiomba. Nikamwambia twende 50. Tukaenda 50, na mgonjwa alifika. Lakini mnaelewa maana yake? Muuguzi anachagua kati ya mgonjwa kuchelewa na gari kupinduka, kwa sababu ya kipuri ambacho bei yake haifiki bei ya tairi moja la gari hiyo.

Kwa hiyo ukiniambia stabilaiza "ni ya starehe tu", naomba ukaseme hivyo ukiwa umesimama nyuma ya ambulensi kwenye kona.

11/
Mnaoshangilia video, niwaambie kinachofuata baada ya gari kupinduka, maana video haifiki huko.

Asiyefunga mkanda anarushwa ndani kama nguo kwenye mashine, au anatoka nje na gari inamfuata. Tunapokea shingo, vichwa, nyonga, mapaja. Fupa la paja likivunjika, ndani ya paja hilo inaweza kumwagika lita nzima ya damu au zaidi bila tone kuonekana nje. Mtu mzima ana kama lita 5 mwili mzima. Nyonga inaweza kumwaga zaidi ya hapo.

Majeruhi wa shingo hatumgeuzi hivi hivi. Anageuzwa kama gogo, mwili wote kwa pamoja: mmoja kichwani, wengine wasiopungua watatu mwilini, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Gari moja ikileta majeruhi 6 saa 8 usiku na zamu tuko wawili, fanya hesabu mwenyewe. Damu inatafutwa. Ndugu wanatafutwa. Daktari anajaza majeraha kwenye PF3. Askari anaandika mwendo kasi, au anaandika alikuwa akimkwepa mnyama. Ile pini iliyodondoka kilomita 2 nyuma hakuna anayeiokota. Ndiyo maana fundi kesho anapost nyingine, na anaweza kuapa kwamba kazi yake haijawahi kuua mtu.

12/
Kuna watakaosema namharibia fundi riziki. Mimi ni mtoto wa mtaani, naijua njaa ya fundi. Lakini fundi huyo huyo anaweza kuuza linki mpya, kubadilisha bushi, kukaza boliti kwa kipimo, na akalipwa. Anayetaka kweli gari ya mawe anaweza kununua linki za kuachia zilizotengenezwa na viwanda vinavyofanya kazi hiyo, zenye urefu wa gari yake na mahali pa kufungia fimbo isining'inie, na bado atalazimika kurudisha kabla ya lami. Riziki ipo. Kinachokosekana ni fundi kusema "hii siifanyi."

Sisi tunasema kila siku. Mgonjwa anataka sindano isiyostahili, analia, anatoa hela, tunakataa. Ufundi siyo kukubali kila anachotaka mteja.

Na sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 hairuhusu gari mbovu barabarani. Tatizo ni kwamba askari anaangalia taa, tairi na stika, hainami kuangalia ncha za stabilaiza. Wakubwa wa trafiki, inameni. Ni sekunde 30 na tochi.

13/
Basi tufanye nini? Nawapa kazi, siyo hotuba.

Mwenye gari: leo jioni, gari ikiwa tambarare na imezimwa, inama nyuma ya tairi la mbele na tochi. Tafuta fimbo inayokatiza toka kushoto kwenda kulia. Je, ncha zote mbili zimefungwa? Kwa boliti na nati, au kwa pini na waya? Bushi zipo au zimebaki unga? Kama huelewi, piga picha mpelekee fundi unayemwamini. Usiingie chini ya gari iliyonyanyuliwa kwa jeki tupu.

Ukinunua gari iliyonyanyuliwa, uliza swali hili kabla ya bei: "Stabilaiza ipo?" Muuzaji akicheka, ondoka.

Kama imetolewa na huna hela ya kurudisha wiki hii: shusha mizigo ya keria, punguza mwendo kabla ya kona siyo ndani ya kona, usiiazimishe, na abiria wote wafunge mikanda.

Dereva wa ofisi, wa watalii, wa ambulensi: andika kwenye daftari la gari "stabilaiza haipo", weka tarehe, saini. Neno la mdomo linasahaulika. Siku ya siku, daftari litaonyesha nani aliambiwa.

Waganga wafawidhi na maafisa usafirishaji: kwenye ukaguzi wa gari la wagonjwa, baada ya mafuta na tairi, ongezeni mstari mmoja wa stabilaiza. Mmoja tu.

Na ukiikuta gari imepinduka: piga 112. Zima injini kama unaweza. Usimvute mtu kwa mikono wala kumkalisha "apate hewa", isipokuwa kuna moto au maji. Shika kichwa chake kisicheze, mzungumzishe, kandamiza panapotoka damu. Subiri wenye machela.

14/
Nimemaliza. Najua kesho nitaitwa sista anayejifanya fundi. Sawa. Sijajifanya fundi, nimewauliza mafundi, na ninachokijua mimi ni kile kinacholetwa mlangoni kwetu.

Aliyeniambia kwenye maoni "kila mtu na gari yake", nikuulize: siti ya nyuma ni ya nani? Maana dereva anajua pini imechomolewa, na angalau ana usukani wa kushika. Aliyeko nyuma hajui, hana usukani, na mara nyingi hana hata mkanda.

Mtumie uzi huu dereva mmoja unayempenda. Na yule fundi wa video, kama yuko humu, inbox iko wazi. Aje tuzungumze, sitamtukana.